Kupiga Rangi Vipande vya Ndani ya Gari: Jua Unachopaka Kabla ya Kufungua Kopo

Gari la mtumba kutoka Japani linaweza kushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa bodi yake ikiwa safi kabisa, na bado ukifungua mlango umri wake ukajitangaza. Kishikio kimechubuka, rangi ya fedha kuzunguka redio imeanza kubanduka, plastiki ya krimu imekuwa ya manjano na ule ubao wa bandia kwenye dashibodi umepasukapasuka. Baada ya hapo linaanza maisha ya jua la Ikweta. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani mchana kutwa, uso wa dashibodi unaweza kupita nyuzi joto 70.

Wenye magari wengi wanaona njia mbili tu: kuvumilia, au kutafuta vipande vingine kwenye maduka ya spea. Njia ya tatu ni rangi. Ikifanywa vizuri, kipande kinadumu miaka na mgeni hawezi kujua kuwa kiliguswa. Ikifanywa vibaya, kinang'aa wiki mbili, kisha kinaanza kubambuka kwa ukucha.

Tofauti kati ya matokeo hayo mawili kwa kawaida haiko kwenye rangi. Mara nyingi kazi ya ndani ya gari huharibika kabla kopo halijafunguliwa: plastiki haikutambuliwa, mafuta hayakutolewa, au kipande chenyewe hakikupaswa kupigwa rangi kabisa. Kwa hiyo tuanze na hilo la mwisho, maana linagusa uhai.

Vipande vya kuachwa kama vilivyo

Kifuniko cha eabegi kilicho katikati ya usukani, na kile cha upande wa abiria juu ya dashibodi, kimetengenezwa kupasuka kwenye mistari maalumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Tabaka nene la rangi, puti au gundi linaweza kubadilisha namna kinavyopasuka, au kurusha vipande usoni kwa abiria. Kama kifuniko hicho kimechakaa, kisafishe tu, au kibadilishwe na fundi anayeijua mifumo hiyo. Kumbuka pia kwamba magari mengi yana eabegi za pembeni ndani ya viti, na nyingine zimefichwa nyuma ya plastiki za nguzo za kioo cha mbele na ukingo wa dari. Popote palipoandikwa SRS AIRBAG, usipake, usigandishe kitambaa, wala usizibe mshono.

Ukiwa kwenye mada hiyo, fanya jambo moja zaidi. Eabegi nyingi za kampuni ya Takata ziliitwa kurudishwa duniani kote kwa sababu kemikali ya kuzijaza, nitrati ya amonia, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na kuzifanya zilipuke kwa nguvu kupita kiasi. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Peleka namba ya chasisi kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, uulize kama lako limo kwenye orodha.

Mikanda ya usalama nayo haitiwi rangi. Nyuzi zake hubeba uzito wa mtu wakati wa ajali, na kemikali za rangi au za kung'arishia zinaweza kuzidhoofisha bila kuonekana kwa macho. Mkanda uliochafuka unaoshwa kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, unaachwa ukauke kivulini. Pedali na sehemu ya usukani inayoshikwa hazitakiwi kuwa na kitu chochote kinachoteleza.

Juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, usiweke rangi nyeupe, krimu wala inayong'aa. Jua la saa nane litaiakisi kwenye kioo, na dereva atakuwa anaitazama barabara kupitia kivuli cha dashibodi yake. Hapo panafaa rangi nyeusi au kijivu iliyokolea, isiyo na mng'ao.

Soma mgongo wa plastiki

Ukishavua kipande, kigeuze. Nyuma yake, kwenye magari mengi, utaona herufi zilizochongwa katikati ya alama mbili za mshale: >ABS<, >PP<, >PC+ABS<, >PVC<. Huo ni utaratibu wa kimataifa wa kutambulisha plastiki, na kwako wewe ni maelekezo ya kazi.

ABS ni plastiki ngumu inayotumika sana kwenye fremu za redio, vitundu vya hewa na vipande vilivyopambwa. Inapokea rangi kwa urahisi. Adui yake ni vimumunyisho vikali: asetoni na thina kali huiyeyusha, ikawa laini na kupoteza umbo. Ifutie spiriti ya isopropili, usiilowanishe kwa thina.

PP, yaani polipropilini, ndiyo inayowatesa wapigaji rangi. Imejaa kwenye milango, nguzo, sehemu za chini za dashibodi na mifuniko ya buti, kwa sababu ni nyepesi na ya bei nafuu. Uso wake hauna kinachoshika: rangi, gundi na hata maji hujikusanya matone badala ya kutandaa. Ukiipuliza rangi moja kwa moja itapendeza siku hiyo, halafu itavuka kama ngozi ya nyoka. PP inahitaji praima maalumu ya plastiki, ile iliyoandikwa kwamba ni ya kushikisha rangi kwenye plastiki za aina ya PP na TPO, jamaa yake iliyo laini. Praima ya kawaida ya bodi haitoshi.

Mara nyingine utasoma PP-TD20 au PP-T20. Maana yake ni polipropilini iliyochanganywa na unga wa talki asilimia 20 ili iwe ngumu zaidi. Taratibu ni zilezile za PP. Wapo wanaopima plastiki kwa maji, kwamba PP huelea na ABS huzama. Kwa PP tupu ni kweli, lakini yenye talki nyingi huzama pia, kwa hiyo herufi za mgongoni ndizo za kuaminiwa. Zisipokuwepo, chukulia kuwa ni PP na utumie praima yake. Kwa ABS praima hiyo kwa kawaida haina madhara.

Vipande laini vinavyobonyea, kama ngozi ya juu ya dashibodi au ya kuegemeza mkono mlangoni, mara nyingi ni vinaili (PVC) au TPO. Hivi vinahitaji rangi inayojikunja pamoja navyo.

Aina mbili ni mtego. Ya kwanza ni kroumu ya kwenye vishikio na pete za gia: ni plastiki iliyopakwa metali yenye uso laini mno, hivyo bila kuikwaruza vizuri rangi haishiki. Ikiwa imeanza kubanduka, kingo zake hukata vidole kama wembe, vaa glavu. Ya pili ni vitufe na vishikio vilivyotoka kiwandani na tabaka linalohisi kama mpira, hasa kwenye magari ya Ulaya. Unyevu na miaka hulifanya tabaka hilo linate. Usipake rangi juu ya kinachonata. Kitoe chote kwa isopropili na kitambaa, ufike kwenye plastiki kavu, ndipo uanze.

Dashibodi inayoyeyuka yenyewe, ikang'aa na kunata wakati wa joto, ni suala jingine. Baadhi ya Toyota na Lexus zimejulikana kwa tatizo hilo, na linatoka ndani ya plastiki. Hakuna rangi ya kulitibu. Dawa ni kuivika kifuniko kilichokatwa kwa umbo lake au kuibadilisha.

Chagua rangi kwa kazi yake

Kwenye maduka ya rangi za magari utakutana na makundi matatu.

Kundi la kwanza ni rangi za vinaili na plastiki, za makopo ya kupuliza. Wauzaji wengine huzitambulisha kama rangi zinazozama. Ukweli ni kwamba zinaunda utando mwembamba sana unaonyumbuka na kuushika uso kwa nguvu. Uzuri wake ni kuacha vinyweleo vya plastiki, yaani ule mkwaruzo wa asili wa kiwandani, bila kuvifukia. Kwa milango, konsoli na dashibodi, hizi ndizo chaguo la kwanza.

Kundi la pili ni rangi za bodi, zikifuatiwa na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Zinafaa vipande vigumu vya kupamba, visivyo na vinyweleo: fremu ya redio, pete za vitundu vya hewa, ule ubao wa bandia. Kwenye kitu kinachojikunja zitapasuka.

Kundi la tatu ni rangi halisi za kuzama, zinazoingia kwenye nyuzi za kapeti na kitambaa. Hizi zinaweza tu kugeuza rangi hafifu kuwa iliyokolea. Kapeti ya kijivu itakuwa nyeusi. Nyeusi haitakuwa kijivu.

Rangi ya mafuta ya kupakia milango ya nyumba iache nyumbani. Hukauka polepole, huwa ngumu na kupasuka, na harufu yake itakaa ndani ya gari kwa majuma.

Kuhusu rangi yenyewe, kanuni ni kukaribia ile iliyo chini. Ndani ya gari hukwaruzwa kila siku na funguo, viatu, mikoba na vidole vya watoto. Plastiki ya krimu ukiifanya nyeusi, kila mkwaruzo utakuwa mstari mweupe. Ukilazimika kubadilisha kabisa, anza na vipande visivyoguswa sana, na vya kizingiti cha mlango viache vya asili.

Kwenye magari ya Toyota, kibati cha utambulisho kilichopo chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango huonyesha namba mbili mbele ya maneno C/TR. Ya kwanza ni ya rangi ya bodi, ya pili ni ya mapambo ya ndani. Namba hiyo ya pili ni msaada mkubwa unapoagiza spea. Kwa kuchanganyiwa rangi, beba kipande chenyewe, kikiwa kimeoshwa, na muonyeshe mchanganyaji sehemu iliyokuwa imejificha na jua.

Vua kwa utulivu

Kupiga rangi kipande kikiwa bado kwenye gari ni kukaribisha kingo zenye michirizi na vumbi la rangi kwenye vioo na viti. Vua kila kinachovulika.

Kama unagusa konsoli, usukani, nguzo au viti, zima gari, toa terminali hasi ya betri na usubiri. Vitabu vya Toyota hutaka sekunde 90 kwa uchache ili umeme wa akiba wa eabegi uishe. Ukingoja dakika kumi hupotezi kitu. Soketi za manjano ni za eabegi, usizipime kwa mita wala kuzichokonoa. Kwenye magari ya haibridi kama Aqua na Prius, waya za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa. Hazihusiani na kazi yako, ziache.

Plastiki ya zamani ikiwa baridi huvunjika. Acha gari juani robo saa, kisha inua kingo kwa vipande vya plastiki au mbao vilivyochongwa bapa. Bisibisi huacha makovu ambayo rangi haitayaficha. Piga picha kila hatua, na skrubu za kila kipande ziweke kwenye kifuniko chake cha chupa chenye alama. Nunua klipu chache za akiba, maana baadhi zitakatika hata ukiwa mwangalifu.

Usafi ndio kazi yenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha mvunguni katika kazi hii ni kusugua plastiki kwa mswaki hadi mikono ichoke.

Fikiria kipande cha mlango kimepitia nini. Jasho na mafuta ya mikono, mafuta ya nazi ya nywele, vitakasa mikono, vumbi. Juu ya hayo, kila alipokipeleka mwenye gari kuoshwa, kimepakwa kitu cha kung'arisha dashibodi. Vingi kati ya vitu hivyo vina silikoni, na wapo wanaotumia dizeli au mafuta ya taa ili plastiki ionekane nyeusi. Silikoni haionekani, haivukizi, na tone dogo linatosha kuikataza rangi kutandaa. Matokeo yake ni vishimo vya duara vinavyofunguka mbele ya macho yako ukiwa bado unapuliza, na vikishatokea hakuna cha kufanya ila kuanza upya.

Fuata mpangilio huu, na usiubadilishe:

Kwanza, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na krimu ya kulainisha mikono. Tumia mswaki laini kufuata vinyweleo vya plastiki. Suuza, kisha rudia. Maji ya kusuuza yakiwa bado na ukijivu, hujamaliza.

Pili, ukiwa bado na sabuni, sugua kwa ile sponji ngumu ya kijani au kijivu ya kusugulia vyombo. Inaondoa uchafu na wakati huohuo inafifisha mng'ao ili rangi ipate pa kushika.

Tatu, kausha kabisa. Maji hujificha kwenye mashimo ya skrubu na mifereji, kisha hutoka yakisukumwa na upepo wa kopo. Kipande kikae saa kadhaa mahali penye hewa.

Nne, kifute kwa dawa ya kuondoa nta na grisi inayouzwa maduka ya rangi za magari, au isopropili. Tumia vitambaa viwili vya pamba visivyotoa nyuzi: kimoja kinalowanisha, kingine kinakausha kabla dawa haijavukiza yenyewe. Ukiiacha ivukize, mafuta yanarudi palepale yalipokuwa. Geuza kitambaa mara kwa mara. Petroli haifai, kwa sababu huacha mabaki na inaweza kukuwashia moto.

Kuanzia hapo kipande hakiguswi kwa mkono mtupu. Vaa glavu zisizo na unga.

Msasa na praima

Plastiki yenye vinyweleo haisuguliwi kwa msasa. Sponji imeshafanya kazi, na msasa utaacha mabaka laini ambayo yataonekana hata chini ya rangi nyeusi. Vipande visivyo na vinyweleo au vyenye klia ya zamani visugue kwa msasa namba 400 wa maji, umalizie namba 600. Ubao wa bandia uliopasuka unahitaji kuanza na namba 240 au 320 hadi nyufa zote ziishe, kwa kuwa ufa unaobaki utajichora upya juu ya rangi. Mikwaruzo mirefu izibwe kwa puti ya plastiki inayonyumbuka, kwa tabaka nyembamba.

Futa tena kwa dawa ya grisi. Kama ni PP au TPO, sasa ndiyo zamu ya praima ya kushikisha. Hupulizwa nyembamba sana, tabaka moja au mbili, juu ya plastiki tupu. Haisuguliwi, na rangi hutakiwa kufuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa kupita muda huo, uwezo wake wa kushika hupungua. Kwa hiyo tayarisha rangi kabla ya kuanza praima.

Kupuliza

Tafuta mahali penye kivuli, hewa inayopita na vumbi kidogo, mbali na jiko la mkaa, sigara na jenereta. Mvuke wa rangi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ukutane na moto. Mwagilia sakafu maji kidogo kuzuia vumbi. Vaa barakoa yenye vichujio vya kaboni vya mvuke wa kemikali, kwani ile ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke.

Hali ya hewa ina neno lake. Joto la nyuzi 20 hadi 30 linafaa. Wakati wa masika, au asubuhi yenye umande, vimumunyisho vinavyovukiza huupoza uso wa rangi na unyevu wa hewani hutua juu yake, rangi ikawa na ukungu mweupe. Watu wa pwani wasubiri saa nne asubuhi na kuendelea, siku isiyo na mvua. Mahali pa upepo na vumbi, kama Dodoma kiangazi, fanya kazi mapema kabla upepo haujaamka.

Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia gololi ikigonga. Jaribu kwanza kwenye kadibodi, kisha mgongoni mwa kipande. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hivi. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kipande, pita moja kwa moja kwa mwendo ule ule, achia ukishavuka ukingo. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

Tabaka la kwanza liwe hafifu kiasi kwamba plastiki bado inaonekana. Hapa ndipo wengi hukosa subira na kujaza rangi. Ngoja dakika tano hadi kumi, weka la pili, halafu la tatu. Tabaka nne nyepesi hushinda mbili nzito kwa kila kitu: zinashika, hazitiririki, hazifukii vinyweleo. Kopo la mililita 400 usilitegemee kumaliza milango yote. Kadiria kama mita moja ya mraba kwa tabaka kadhaa.

Klia si lazima kwa rangi za vinaili. Kwa vipande vya kupamba vinavyoshikwa sana inasaidia, na isiyo na mng'ao au yenye mng'ao mdogo huficha alama za vidole. Klia ngumu zaidi ni ile ya kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, lakini hadina hizo zina isosianati, kemikali inayoweza kumsababishia mpuliziaji pumu ya kudumu. Barakoa ya kawaida haitoshi. Inahitajika ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye chumba na vifaa.

Ikitokea kasoro

Vishimo vya duara ni silikoni: futa rangi yote, rudi kwenye kuosha. Michirizi ni rangi nyingi au kopo karibu mno: acha ikauke kabisa, sugua kwa namba 600, puliza upya. Uso kama ganda la chungwa ni kopo mbali au tabaka nzito zilizokauka vibaya. Uso wenye chengachenga kavu ni joto au upepo uliokausha rangi ikiwa hewani. Ukungu mweupe ni unyevu; mara nyingine tabaka jepesi siku ya jua huuondoa.

Kabla ya kurudisha kipande, kipime mgongoni ulipojaribia, siku ya pili au ya tatu. Chora alama ya X kwa wembe, bandika tepu kwa nguvu, ivute ghafla. Rangi ikibaki, endelea. Ikitoka na tepu, ni afadhali umejua ukiwa bado na msasa mkononi.

Ngozi, vitambaa na kapeti

Ngozi nyingi za viti vya magari zimefunikwa na tabaka la rangi na poliyurethani kutoka kiwandani, na sehemu za pembeni mara nyingi ni vinaili. Kwa hiyo rangi ya kuzama haiingii. Kinachohitajika ni rangi ya ngozi ya maji, iliyotengenezwa kwa viti vya magari. Osha, futa kwa isopropili, sugua nyufa kwa msasa namba 600, jaza nyufa kubwa kwa kijazio cha ngozi, kisha paka kwa sponji tabaka nyembamba ukikausha kwa mashine ya nywele, na umalizie kwa tabaka la kinga. Dawa ya viatu usiiguse: haikauki ikaisha, na mwenye kanzu nyeupe ataondoka nayo mgongoni. Pembeni mwa kiti penye alama ya eabegi, mshono uachwe bila kujazwa chochote.

Kapeti huvuliwa, huoshwa, hukaushwa, halafu hutiwa rangi kidogokidogo huku ukichana nyuzi kwa brashi ili zisigandane. Kitambaa cha viti kinaweza kutiwa rangi, lakini hukakamaa, na rangi isiyoshika itahamia kwenye nguo siku ya jasho. Dari iliyolegea haitibiwi kwa rangi. Sponji iliyo nyuma ya kitambaa ndiyo iliyooza, na uzito wa rangi utaishusha zaidi. Mpelekee fundi wa viti abadilishe kitambaa.

Baada ya kumaliza

Rangi ikikauka kwa mguso wa kidole baada ya saa moja haijakomaa. Vipande vikae siku nzima kabla ya kurudishwa, na wiki moja au mbili kabla ya kuoshwa au kusuguliwa. Siku za kwanza acha vioo wazi kidogo ukiwa umeegesha mahali salama, mvuke utoke, hasa kama gari hubeba watoto. Makopo yaliyobaki usiyaache ndani ya gari. Yameandikwa yasikae kwenye joto linalopita nyuzi 50, na umeshaona dashibodi inafika wapi.

Baada ya hapo, kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo kinatosha. Waambie wanaokuoshea gari wasipake kitu cha kung'arisha. Kizuizi cha jua cha kukunjwa nyuma ya kioo cha mbele kitalinda rangi kuliko polishi yoyote.

Fundi, spea au mkono wako

Kuna vipande visivyostahili jasho hili. Fremu ndogo ya redio au kishikio cha mlango cha gari lililojaa mitaani, kama IST, Vitz au Probox, waweza kukipata kikiwa kizima na cha rangi unayotaka kwa wauzaji wa spea za mtumba Gerezani jijini Dar es Salaam, mtaa wa Kirinyaga Nairobi au soko la Kisekka Kampala. Uliza bei kabla ya kununua makopo.

Ukimpa fundi kazi, usimuulize tu ni bei gani na itaisha lini. Muulize plastiki hii ni ya aina gani, ataiosha kwa nini, na praima yake inaitwaje. Omba akuonyeshe kopo. Fundi anayejua atajibu bila kusita, na atakataa mwenyewe kugusa kifuniko cha eabegi. Anayesema "nitapiga tu, bosi, itashika" anakuuzia wiki mbili za mng'ao. Kama hujawahi kufanya kazi hii na unataka kujifunza, anza na kipande kimoja kidogo ambacho hata kikiharibika utapata kingine, ukipe siku tatu, ukipime kwa tepu. Kikishika, endelea na mlango.